Haki za Wenyeji Katika Viunga vya Dar es Salaam: Maneno ya Sheria na Maneno ya Mji

Neno kiunga, kama walivyolitumia wenyeji wa miji ya pwani, lina maana mbili zilizokaa pamoja bila kugombana. Kiunga ni ukingo wa mji. Tena kiunga ni shamba la miti ya matunda lililo katika ukingo huo. Aliyesema anakwenda kiungani hakuhitaji kufafanua kama anawaendea watu au anaiendea minazi, maana vyote viwili vilikuwa mahali pamoja. Insha hii ni juu ya viunga vya Dar es Salaam, hasa upande wa Kinondoni na upande wa Temeke, na juu ya jambo moja lililorudi huko mara kwa mara tangu mwaka 1895: sheria mpya ya ardhi huingia, nayo husema kwamba haki zilizokuwapo zitabaki. Nataka kuonyesha kwamba ahadi hiyo haikuwa ya uongo. Walakini haki iliyobaki kila mara ilikuwa ile ambayo sheria mpya iliweza kuisoma, na kusomeka huko kulitegemea maneno na karatasi kuliko wingi wa miaka mtu aliyokaa.

Kabla Sayyid Majid hajaanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, palikuwapo Mzizima, kijiji cha Washomvi, na nyuma yake ilikuwapo nchi ya Wazaramo. Mapokeo ya Mzizima yasimulia kwamba Pazi wa Wazaramo aliwasaidia Washomvi kuwafukuza Wakamba, na kwa ajili hiyo akapewa ada ya kila mwaka iliyoitwa kanda la pwani. Sina haja hapa ya kupima kila sehemu ya masimulizi hayo. Linalotuhusu ni namna haki yenyewe ilivyohifadhiwa: haikuandikwa popote, bali ilitolewa na kupokewa. Maadam kanda linatoka pwani na kupokewa bara, haki i hai, na kila anayeona likipita ni shahidi.

Kadhalika ilikuwa kwa mashamba. Katika desturi ya pwani mnazi ni wa aliyeupanda, na ardhi iliyo chini yake ni jambo jingine. Mtu aliweza kuwa na minazi katika mahali ambapo si pake, akaiuza au akaiweka rehani, na nchi isiguswe. Mwenye mji, mwenye shamba, mwenye mnazi, na mwenye nyumba waliweza kuwa watu wanne mbalimbali katika eneo moja, kila mmoja na haki yake, na hakuna aliyeona kwamba jambo hilo ni fumbo. Neno hilo dogo, mwenye, lilibeba kazi kubwa. Halikusema mtu amepata vipi wala kwa muda gani. Lilisema tu kwamba majirani wanamtambua.

Wadachi walipoingia, amri ya mfalme wao ya tarehe 26 Novemba 1895 iliifanya ardhi yote isiyo na mwenyewe kuwa ya dola. Haki za watu binafsi, za machifu na za jamaa za wenyeji ziliachwa, kwa sharti kwamba ziweze kuthibitishwa. Maagizo ya mwaka uliofuata yalitaka wenyeji waachiwe ardhi mara nne ya ile waliyokuwa wakiilima. Ukiyatazama haraka, maagizo hayo ni ya ukarimu. Ukiyatazama polepole, utaona kwamba yamegeuza swali. Zamani watu waliuliza, "Ni ya nani?" Sasa mpimaji aliuliza, "Ni kiasi gani mnalima?" Mwitu wa kuni, njia ya kwenda majini, na konde lililopumzishwa miaka mitatu havikuwa na jibu jema kwa swali la pili. Pamoja na hayo, Wadachi walianzisha daftari la ardhi, na mtu aliyenunua shamba na kuandikishwa humo alikuwa na milki kamili, isiyo na mwisho.

Vita vikaja, Wadachi wakashindwa, na mali zao zikashikwa na kuuzwa. Hapa ndipo twaona nguvu ya karatasi. Mashamba ya Wadachi yalinunuliwa na Wahindi, Wagiriki na Waingereza, lakini ile milki iliyoandikwa katika daftari la Kidachi haikufa. Sheria ya Ardhi ya Tanganyika, iliyotungwa na Waingereza mwezi Januari 1923, ilitangaza kwamba ardhi yote ya nchi ni ya umma, ishikwe na Gavana kwa manufaa ya wenyeji. Kisha ikaongeza kwamba tangazo hilo halitabatilisha milki yoyote iliyopatikana kwa halali kabla ya siku ile. Mwenye shamba alikuwa amefukuzwa nchini, nayo hati yake ikaendelea kuishi mikononi mwa mtu mwingine kwa miaka arobaini zaidi.

Na wenyeji je? Sheria ya 1923 iliweka jina moja kwa haki ambayo Gavana angewapa watu, yaani haki ya kukalia na kutumia ardhi kwa muda. Kwa maneno yake ya kwanza haikueleza vizuri mahali anaposimama mtu ambaye hakupewa chochote na Gavana, kwa kuwa babu yake alilikuta shamba au alilifyeka kabla ya Gavana yeyote. Hati ya Udhamini iliyotoka kwa Shirikisho la Mataifa iliitaka serikali izingatie sheria na desturi za wenyeji katika mambo ya ardhi, na mwaka 1928 sheria ikarekebishwa. Maana ya ile haki ya kukalia ikapanuliwa, ikawa ni pamoja na haki ya mwenyeji, au jamaa ya wenyeji, wanaotumia ardhi kwa halali kufuata mila yao.

Wanasheria wakaipa haki hiyo jina ambalo limesumbua Kiswahili hata leo. Walisema ni haki inayohesabiwa kana kwamba imetolewa. Nani amehesabu? Sheria. Imetolewa na nani? Na Gavana, ambaye hakutoa. Kwa Kiingereza hila hiyo hupita kwa neno moja fupi, na msomaji hastuki. Kwa Kiswahili hapana budi kuieleza wazi, na ikielezwa wazi yaonyesha sura yake: mtu wa Msasani au Mtoni analindwa kwa kudhaniwa kuwa ni mpokeaji wa zawadi. Wengine wamejaribu kusema haki inayodhaniwa. Tafsiri hiyo ni mbaya kabisa, kwa sababu kudhani kwetu ni nusu ya kutilia shaka, na mwenye shamba akiambiwa haki yake yadhaniwa tu atauza upesi. Wengine wamesema haki ya kimila, na hii yafaa kwa mazungumzo, ila inaficha jambo lenyewe, kwamba sheria ililinganisha ya kimila na iliyotolewa.

Jambo hili lilijaribiwa mahakamani katika shauri la Mtoro bin Mwamba na Mwanasheria Mkuu, lililoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 1952 na kufikishwa katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1953. (Msomaji asimchanganye mtu huyu na Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye Desturi za Waswahili zilitoka kwake mwaka 1903.) Mdai alitaka milki yake itambuliwe kuwa milki kamili, sawasawa na ile ya mtu aliyenunua kwa Mdachi, akitegemea desturi ya Washomvi. Mahakama ilimkatalia. Ilisema kwamba desturi ya Washomvi haikujua milki kamili ya ardhi ya mtu mmoja. Ilijua haki ya kutumia tu.

Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikosea katika swali kabla ya kukosea katika jibu. Ulikwenda kuitafuta ndani ya desturi ya pwani milki ya Kiingereza, na haukuiona, kama vile mtu angekwenda Uingereza kutafuta ubani wa jumbe. Desturi ilikuwa na neno lake, na lilikuwa neno la nguvu: mwenye. Lakini neno hilo halikuweza kusimama peke yake mbele ya majaji. Lilitakiwa kwanza liwe tafsiri ya neno jingine. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko shauri la mtu mmoja. Karatasi ya Mdachi, ya miaka michache tu, ilibaki milki kamili. Ukaaji wa Washomvi, wa zamani kuliko mji wenyewe, ukabaki matumizi.

Katika miaka hiyohiyo mji ulikuwa ukitanuka. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilijenga nyumba za kupangisha wafanyakazi Waafrika huko Ilala, Magomeni na Temeke, na viwanja vikapimwa. J. A. K. Leslie, ambaye alichunguza hali ya mji mwaka 1956 na 1957 na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1963, alikuta nje ya viwanja hivyo maisha ya namna nyingine: wenye mashamba wakiwaruhusu wageni wajenge kati ya miti kwa kulipa kodi ya uwanja. Hapo ndipo kiunga kilipoanza kupoteza maana yake moja. Minazi ilibaki, lakini kivuli chake kilikuwa cha nyumba za watu waliotoka Rufiji, Mahenge na kwingineko. Haki za mjengaji zilihifadhiwaje? Kwa mapatano ya mdomo, kwa ushahidi wa jirani, na kwa stakabadhi ya kodi pale ilipotolewa.

Uhuru ulibadili upande wa pili wa mizani. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipopendekeza kupanua milki kamili hata kwa Waafrika, Julius Nyerere aliandika waraka wake Mali ya Taifa kupinga, akisema ardhi si kitu cha kuuzwa sokoni. Sheria ya 1963 ikatekeleza fikira hiyo: tangu tarehe 1 Julai 1963 milki zote kamili ziligeuzwa kuwa za kupangishwa na serikali kwa miaka 99, na sheria ya mwaka 1969 ikazigeuza tena kuwa haki za kukalia. Hivyo ile hati ya Kidachi ilipunguzwa. Lakini na itazamwe namna ilivyopunguzwa. Hakuna mwenye hati aliyetakiwa aende ofisini akaombe upya, wala aliyeambiwa kwamba amechelewa. Aliamka siku ya Julai akiwa na miaka 99, inayokwisha mwaka 2062. Sheria ilimjua kwa jina, kwa sababu lilikuwa katika daftari.

Mwenyeji wa kiungani hakujulikana hivyo. Mpaka wa mji ulisogezwa. Mipango mikuu ya mji ya mwaka 1949, 1968 na 1979 ilichora barabara na viwanja juu ya mashamba. Maeneo yakatangazwa kuwa ya mipango miji. Hakuna sheria iliyosema kwamba siku eneo linapotangazwa, haki ya kimila inakufa. Wala hapakuwa na iliyosema kwa sauti kwamba haifi. Katika ukimya huo mahakama zilijisemea. Shauri la Mwalimu Omari na Omari Bilali, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1990, ndilo linalotajwa sana: eneo likiisha kutangazwa la mji na kupimwa, aliyekuwa akilishika kwa mila yampasa afanye haraka kuomba haki ya kukalia, akilala, na kiwanja kikapewa mtu mwingine, yeye ni mvamizi mbele ya sheria, hana budi kuhama, na kwa kufuata sheria kikamilifu hastahili hata fidia.

Neno hili mvamizi lataka kuangaliwa. Kuvamia ni kujia kwa ghafula, kwa nguvu, mahali palipo na watu. Hapa aliyeitwa mvamizi ni yule ambaye hakujia popote: alikaa, na mji ukamjia. Sijui mfano mwingine katika Kiswahili cha serikali ambapo neno limepinduliwa kiasi hiki, mtendwa akawa mtendaji. Na fidia nayo, neno tulilolipokea kwa Waarabu, ambao kwao fidya ni mali ya kukombolea, ikawa hesabu ya miti na mabati. Sheria ya Kutwaa Ardhi ya mwaka 1967 haikuilipia ardhi tupu. Mthamini alihesabu minazi, miembe na kuta. Twaweza kusema kwamba hapo desturi ya pwani ya kuitenga miti na nchi ilihifadhiwa kwa uaminifu, ila kwa faida ya upande mmoja.

Kwa bahati, uamuzi mwingine ulikuja kutoka bara. Sheria ya mwaka 1992 juu ya ardhi ya vijiji vilivyoandikishwa ilifuta haki za kimila za watu waliokuwapo kabla ya Operesheni Vijiji, bila ya fidia ya ardhi, na ikazuia mashauri yao yasisikilizwe. Katika shauri la Mwanasheria Mkuu na Lohay Akonaay, lililotoka Arusha, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua mwezi Desemba 1994 kwamba haki ya kimila, ijapokuwa ni haki ya kukaa na kutumia, ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Kuiondoa bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Tena ilisema kwamba fidia haiishii katika majengo na miti: aliyeitolea ardhi jasho lake anastahili kulipwa. Baada ya miaka 41, lile "tumizi" la Mtoro bin Mwamba lilipewa jina la mali. Mahakama haikusema desturi ina milki kamili. Ilisema tu kwamba matumizi nayo ni mali. Lilikuwa jibu bora kwa sababu liliuliza swali bora.

Tume ya Rais ya kuchunguza mambo ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwaka 1991 na 1992, ilikuwa imekwisha kukusanya malalamiko ya nchi nzima, na Sera ya Ardhi ikatoka mwaka 1995. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ikaweka miongoni mwa misingi yake kwamba haki zilizopo, na ukaaji wa muda mrefu unaotambuliwa, zifafanuliwe na zihifadhiwe. Katika sheria zote nilizozitaja, hiyo ndiyo iliyosema waziwazi zaidi. Kanuni zake za mwaka 2001 zikaitia thamani ya ardhi yenyewe katika fidia, pamoja na posho ya usumbufu, ya makazi na ya usafiri.

Lakini msingi ni msingi, na kazi ya kila siku hufanywa kwa fomu. Kwa mitaa isiyopimwa, kama Manzese, Tandale, Keko na Mbagala, sheria ilitoa leseni ya makazi, na tangu katikati ya miaka ya 2000 nyumba za Dar es Salaam zilihesabiwa ili leseni zitolewe. Leseni hiyo sheria iliipa muda usiozidi miaka 2, muda ambao baadaye uliongezwa. Mimi siidharau, wako walioitumia kupata mkopo benki na kulala usingizi. Ila mtafiti atazame tarakimu hizi mbili kwa pamoja. Aliyekuwa na hati kutoka kwa Wadachi, haki yake ilipobadilishwa alipata miaka 99. Aliyezaliwa katika nyumba ya mama yake Tandale, haki yake ilipotambuliwa alipata miaka 2. Wote wawili sheria iliahidi kuwahifadhia walichokuwa nacho.

Magomeni Kota ni mfano wa namna nyingine, na wenyewe wanautaja sana. Watu wa huko walikuwa wapangaji katika zile nyumba za zamani za serikali, wala hawakuwa na ardhi, si kwa mila wala kwa hati. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 waliondolewa na nyumba zikabomolewa, kwa ahadi kwamba watarudishwa. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba nyumba mpya zitajengwa na kwamba waliokuwapo watakaa humo miaka 5 bila ya kulipa kodi. Mwezi Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizizindua. Kaya zilizotajwa tangu mwanzo hadi mwisho ni 644. Katika miaka ile yote ya kungoja kulikuwa na orodha, na orodha haikuongezeka wala haikupungua. Kwa haki ya kisheria watu hao walikuwa dhaifu kuliko mwenye minazi wa Mtoni. Kwa kusomeka walikuwa na nguvu kuliko yeye.

Tangu mwaka 2021 sheria za Tanzania zatakiwa ziwe kwa Kiswahili, na mahakama nazo zatakiwa zizungumze lugha hiyo. Kazi ya kutafsiri sheria za ardhi itapita juu ya yote niliyoyaeleza. Mfasiri atakapofika kwenye ile haki inayohesabiwa kana kwamba imetolewa, atachagua neno, na neno hilo ndilo atakalolisikia mjumbe wa mtaa, mthamini na hakimu. Mimi ningependelea haki inayotambuliwa, kwa kuwa kutambua ni tendo la anayekuta kitu kipo. Wanasheria watasema kwamba tafsiri hiyo inasema zaidi ya Kiingereza chake, na labda ni kweli.

Kwa upande wa utafiti iko kazi ya haraka zaidi. Katika masanduku ya watu wa Yombo, Mbagala, Mwananyamala na Kigamboni zimo hati za mauziano, zilizoandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi. Mipaka yake hutajwa kwa majina ya majirani, kwa mwembe, kwa mkondo wa maji. Humo neno mwenye lingali likifanya kazi yake ya zamani. Mwaka 2008 Kigamboni ilipotangazwa kuwa eneo la mji mpya, hati za namna hiyo ndizo watu walizozitoa masandukuni. Nyingi zimeliwa na mchwa, na waliozishuhudia wanakufa. Hakuna maktaba itakayozipata kama hazikunakiliwa nyumba kwa nyumba, wenyewe wakiwa hai na wako tayari kueleza ule mwembe ulikuwa wapi.